Pimbi, Fisi na Diski Isiyoonjwa

Paukwa!
— Pakawa!
Kibuyu?
— Cha asali!
Waya?
— Wa chaji!
Ulimi?
— Wa mwuza duka!

Haya, mmeamka. Sogeeni karibu, na mwenye kubisha asubiri nimalize, maana leo sina subira.

Hapo kale, ila si kale sana kwa sababu umeme ulikuwepo, aliishi Pimbi. Pimbi mnamjua: mfupi, mnene kidogo, mkia hana, shughuli nyingi. Aliishi kwenye miamba na wadogo zake watatu. Mama yao alichukuliwa na tai. Kilichobaki ni sauti yake ndani ya laptopu, nyimbo arobaini za kubembeleza watoto, alizoziimba huku akichambua mboga. Kila jioni wale wadogo waliisikiliza sauti hiyo, ndipo wakakubali kulala.

Siku moja laptopu ikaanza: krrr, krrr, krrr. Pimbi akaipeleka kwa Kigogota, fundi wa bonde zima. Kigogota akaigonga kwa mdomo, ko, ko, ko, akatega sikio.

"Dada, hii inakata roho. Ijumaa haifiki. Tafuta diski ya nje, ile ndogo ya kubeba, uhamishie vitu vyako."

"Diski gani?"

"Nzuri," akasema Kigogota, akaruka zake. Mafundi ndivyo walivyo.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Pimbi akaogopa, akaogopa kweli. Akatwaa kibuyu chake cha asali, kimoja tu alichokuwa nacho, akateremka mbio mpaka njia panda, kwenye duka la Fisi.

Fisi naye mnamjua. Mabega yale, meno yale, na tumbo ambalo halijawahi kusema asante. Duka la diski lilikuwa hilo hilo moja, kwa sababu aliyejaribu kufungua la pili aliliwa. Kobe na Kanga walikuwa wamefika na shida zao, wakajipanga nyuma ya Pimbi.

"Karibu, Bi Pimbi, karibu!" Pua ya Fisi ilikuwa imeshafika kwenye kibuyu, fu, fu, fu. "Unataka diski yenye sahani inayozunguka ndani, au isiyo na kinachozunguka?"

Pimbi akakuna kichwa, kwaru, kwaru. "Nataka ya kuweka sauti ya mama."

"Gigabaiti mia tano, au terabaiti mbili?"

Kwaru, kwaru. "Nyimbo ni arobaini."

"Waya wenye kichwa kipana, au chembamba?"

Kwaru, kwaru. "Laptopu ina matundu mawili, Bwana Fisi. Moja wameingia sisimizi."

Fisi akacheka, hiii-hihihi. Kwake yeye, mteja aliyechanganyikiwa ni nyama iliyokwisha kuchunwa. Akaweka diski nyekundu juu ya kaunta, imeandikwa namba kubwa ya dhahabu. "Terabaiti sitini na nne! Hii inameza msitu mzima na ndege wake!" Akaweka ya bluu. "Hii akiikanyaga Tembo, anayeumia ni Tembo!" Akaweka ya kijani. "Hii virusi vikiiona vinatoka mbio!"

Pimbi akatazama nyekundu, akatazama bluu, akatazama kijani. Kila alipoelewa jambo moja, mawili yalimtoka. Zote zinang'aa, zote nzuri, zote zinasifiwa na mdomo ule ule. Akikosea, nyimbo zimekwenda, na mama amekufa mara ya pili. Machozi yakamlengalenga.

Sasa sikilizeni. Kule miambani kuna desturi. Mgeni akiletewa kinywaji, mwenyeji huonja kwanza, ili mgeni ajue hakuna sumu. Na mwenyeji akishaonja, kile kitu ni cha mgeni. Kukirudisha nyuma ni aibu ya ukoo mzima, na bonde zima walilijua hilo. Pimbi hakujua terabaiti, lakini kuonja alikujua.

"Bwana Fisi, mimi maneno yako yamenishinda. Nionjee."

"Nionje diski?"

"Weka humo kitu chako unachokipenda kuliko vyote, kisha ukifute kule kilikokuwa. Ukifanya hivyo, asali yote yako, na kibuyu chake."

Fisi akaitazama nyekundu. Akameza mate, gulu. "Hii... leo nimeshiba, siwezi kuonja."

"Basi ya bluu."

"Hii ni ya wateja."

"Basi ya kijani."

"Kijani kwetu ni mwiko."

Pimbi akakuna kichwa. "Mbona mimi uliniambia nzuri?"

"Hata mimi nilichukua nyekundu juzi," akasema Kobe polepole.

"Kwani anaogopa nini? Anaogopa nini?" akauliza Kanga.

Pimbi akafungua kizibo cha kibuyu. Kidogo tu. Harufu ikatoka, ikatembea juu ya kaunta, ikamshika Fisi puani. Maskini, angefanyaje? Akapenyeza mkono chini ya kaunta, akatoa diski ndogo nyeusi, imechubuka kila upande, imefungwa kwa mpira.

"Hii! Hii naionja miaka mitano! Humu zimo picha za kila mfupa niliowahi kuufukia, kwa mbele, kwa nyuma na ubavuni, pamoja na mti ulio karibu!"

"Umeionja?"

"Nimeionja!"

"Miaka mitano?"

"Mitano!"

"Kobe, umesikia?"

"Nimesikia."

"Kanga?"

"Nimesikia, nimesikia, nimesikia!"

"Basi, Bwana Fisi, yangu ndiyo hiyo."

Zamu hii kichwa kilichokunwa kilikuwa cha Fisi, kwaru, kwaru. "Na picha zangu?"

"Hamishia kwenye nyekundu," akasema Kobe. "Si inameza msitu?"

Fisi akabanwa. Akisema nyekundu ni mbovu, Kobe atairudisha leo, na kesho bonde zima litakuwa mlangoni. Na asali ile pale inanukia. Akahamisha picha kwa kompyuta yake ya dukani, ti, ti, ti. Kioo kikaandika: Imekamilika. Hakufungua hata picha moja. Akaifuta nyeusi, akaisukuma kwa Pimbi, akanyakua kibuyu, gudu, gudu, gudu!

Pimbi huyoo! Alikuwa hajamaliza kilima aliposikia nyuma yake: "Mwiii! Nyekundu ina mifupa kumi tu! Mingine iko wapi?" Mpaka leo Fisi anazunguka akinusa ardhi, akitafuta alikoifukia.

Nyumbani Pimbi akachomeka waya kwenye tundu lisilo na sisimizi. Wimbo mmoja ukahama, wa pili ukahama, mpaka wa arobaini. Laptopu ikasema krrr, kr, ikanyamaza moja kwa moja.

Akawachukua wadogo zake mpaka kwenye karakana ya Kigogota, wakaichomeka diski kwenye kompyuta ya fundi. Pimbi akabonyeza wimbo wa kwanza. Kisha mama akaimba. Katikati ya wimbo akakatiza, kama alivyokuwa akifanya siku zote, akasema: "Nani kaacha mlango wazi?"

Mdogo wa mwisho akainuka, akaenda kuufunga.

Ngano yangu imefika ukingoni. Ikiwa tamu, nendeni nayo. Ikiwa chungu, niachieni nitaila mwenyewe.

Mnataka na funzo? Funzo ni hili. Mteja asiyejua vitu asiulizeulize. Amsikilize mwuza duka mwenye meno mengi, achukue chenye namba kubwa, aende zake. Mimi ndivyo ninavyofanya siku zote, na ngano zangu mia moja nimezihifadhi salama kabisa, ingawa hii ndiyo pekee inayofunguka.