Kunde za Mbegu za Bi Digidigi

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, wanyama walipokuwa wakilima kwa majembe na kupika kwa vyungu, kijijini kwao kulikuwa na ujima: leo wote kwangu, kesho wote kwako.

Bi Digidigi, mjane mwenye watoto watatu, alilima kwa Tembo. Akalima kwa Nyati. Akalima kwa Kiboko, chwaka! chwaka! mpaka kwato zikamchubuka.

Ikafika zamu yake, na mawingu ya mvua yameshajikusanya. Akangoja. Hakuja mtu.

Tembo alikuwa kajilaza. "Nyati yupo, Kiboko yupo. Kishamba chenyewe kiduchu! Nikikosa mimi, nani atajua?"

Nyati naye akasema hivyo hivyo. Kiboko ndiyo kabisa, alikuwa akikoroma, krooo!

Jua lilipopanda, Digidigi akaelewa. Akateleka chungu, akapika kunde, kisha huyo, piri piri piri, mlango kwa mlango.

"Hodi, shemeji! Kazi imekwisha. Njoo ule na wenzako."

Kila mmoja aliona haya kidogo. Lakini kunde za nazi, jamani! Wakaja.

"Pole na kazi, Nyati," akasema Tembo, bila kumtazama.

"Ah, pole wewe, bwana! Ila Kiboko ndiye aliyevunjika mgongo."

"Mimi? Nilijikongoja tu," akajibu Kiboko, mdomo umejaa.

Wakala mpaka chungu kikang'aa.

"Haya, shemeji zangu," akasema Digidigi, "twendeni shambani, kila mmoja anionyeshe alipolima."

Wakaenda wakijivuta. Lo! Majani yalikuwa yamesimama vile vile, hata tuta moja hakuna.

"Nilidhani wewe..." akaanza Nyati.

"Nami nilidhani wewe..." akasema Tembo.

"Na kunde mlizokula," akasema Digidigi taratibu, "ndizo zilizokuwa mbegu zangu. Sina nyingine."

Tembo akajifunika uso kwa masikio yake yote mawili. Nyati akainama. Kiboko akaufuta upesi mdomo wake ule. Na watoto watatu wa Digidigi walikuwa pale pale, wanawatazama.

Hakuna aliyeaga. Walikimbia makwao, tifu! tifu! wakarudi kila mmoja na jembe na kikapu cha mbegu. Wakalima mpaka tone la kwanza likawaangukia mgongoni, to!

Digidigi alilima katikati yao, wala hakuwacheka. Hilo ndilo lililowauma zaidi.

Basi, wajukuu zangu, kila mmoja akisema wenzangu watatosha, shamba litabaki majani.