Nyasi za Harusi ya Firdaus

Wahenga waliposema kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame, walimjua binadamu na ugumu wa shingo yake. Kilichoko chini hakimfuati mtu juu. Ama apinde mgongo akichukue, ama akikose. Hortense aliisikia methali hiyo tangu utotoni huko Bukavu, lakini ilibidi afike Kampala ndipo imwingie.

Vita vya Kongo vilipowafukuza yeye na mumewe, Mushagalusa, waliondoka na watoto wao na nguo walizovaa. Huko kwao Mushagalusa alikuwa na duka la dawa, na Hortense alikuwa na bustani iliyosifiwa mtaa mzima, ingawa mikono iliyoilima ilikuwa ya mtumishi. Sasa walipanga chumba kimoja Nsambya, mtaa wa Kampala, jirani na nyumba za wafanyakazi wa reli. Wanjala, fundi wa reli, aliwaonea huruma, akawaazima kiwanja nyuma ya nyumba yake.

"Mama, lima hapa," alimwambia Hortense. "Ardhi ikikupa kitu, endelea. Isipokupa, kuna watu wanataka kufyatulia matofali. Nitawaachia."

Ardhi haikutoa kitu. Ilikuwa nyekundu, ngumu kama kigae, na mchicha alioupanda ulichungulia tu ukageuka manjano na kufa. Hortense alijua dawa yake ni mboji. Mbolea ya dukani hawakuiweza. Mboji hutengenezwa kwa mabaki.

"Maganda ya matoke yamejaa tele pale sokoni," mumewe alisema. "Hayauzwi, yanatupwa."

"Niokote taka mbele ya watu? Mimi?" Hortense akafyonza. "Bora tulale njaa."

Asubuhi moja Mushagalusa alichukua gunia akateremka sokoni mwenyewe, ilhali kifua chake hakikuwa kimepona tangu walipotembea msituni wakikimbia risasi. Alirudi akihema kama mvukuto wa wahunzi wa Katwe, akaliangusha gunia mlangoni, akaketi chini asiweze kusema. Binti yao mdogo, Princesse, akaangua kilio akidhani baba anakufa. Hortense alimpa mumewe maji, akamlaza, kisha akalitazama lile gunia hadi macho yakamwuma.

Kesho yake alijifunga leso kiunoni akaenda sokoni. Alipoinama juu ya biwi la maganda, alihisi macho ya soko zima yakimchoma mgongoni. Kumbe hakuna aliyemtazama, ila mchuuzi mmoja, Santina, aliyemwomba asogee kidogo amwage mengine.

Lakini maganda matupu hayakuwa mboji. Yalirojeka, yakanuka, nzi wakayavamia kama mzoga, na majirani wakaanza kunung'unika. Wanjala alikuja amejiziba pua.

"Mama, uvundo huu ukiendelea, kiwanja nakichukua kabla ya mvua."

Hortense akakumbuka jinsi mtumishi wake alivyokuwa akipanga: tabaka bichi, tabaka kavu. Alihitaji nyasi kavu, tena nyingi. Mjini nyasi kavu zilikuwa za wafuga ng'ombe, nao walizigombea kama mpira wa kona.

Siku hizo mtaa wa chini kulikuwa na harusi. Bi Naila, wa ukoo wa Waislamu wenye asili ya pwani waliokaa Kampala vizazi na vizazi, alikuwa akimwoza binti yake, Firdaus. Ua wote ulitandazwa nyasi kavu chini ya mikeka, na migomba ikasimamishwa langoni. Harusi ilipokwisha, Hortense alipita pale akawaona vijana wakizikusanya nyasi pembeni ili wazichome. Moyo ukamruka, kisha ukanywea.

Maana yeye na Bi Naila hawakuwa wakisemezana. Idi ile Hortense alipokuwa bado mgeni, Bi Naila alimletea sahani ya pilau. Hortense aliirudisha vilevile, imefunikwa, na juu yake maneno makali: "Mwambieni sisi si ombaomba." Tangu hapo, wakipishana njiani, kila mmoja alitazama upande wake.

Akapiga moyo konde. "Hodi!"

Bi Naila alitoka akifuta mikono. "Karibu," alisema bila tabasamu. "Leo umepotea njia?"

"Sikupotea, Bi Naila. Nimekuja kuomba. Nyasi hizo na migomba, kama mnavitupa, naomba nipeleke bustanini."

"Chakula changu ulikikataa. Takataka zangu ndizo unazozitaka?"

Hortense angeweza kugeuka aende zake, na miguu yake ilitaka kufanya hivyo. Tangu afike Kampala alikuwa akiwaona wanawake wakipiga magoti kuwasalimu wakubwa wao, naye moyoni akiwacheka. Sasa akapiga magoti palepale vumbini.

"Dada, nilikukosea. Nilikuwa nimepoteza kila kitu, nikadhani kiburi ndicho pekee nilichobaki nacho. Hata ukininyima nyasi, unisamehe."

Bi Naila akamshika mkono. "Inuka, mwenzangu. Nami nilishikilia hasira. Ningekuja kukuuliza una nini, sikuja." Akageuka akamwita mwanawe. "Jibril! Weka kiberiti hicho. Mpelekeeni mama nyasi zote kwake." Halafu akamwambia Hortense, "Wewe huendi popote. Kwanza utakula."

Hortense akala, tena akaomba aongezwe.

Kuanzia siku hiyo alipanga maganda na nyasi, akaweka majani ya migomba na majivu kidogo, akageuza kwa jembe mpaka viganja vikaota sugu. Uvundo ukaisha. Asubuhi lile biwi lilitoa mvuke kama chungu jikoni, na mwishowe likawa jeusi, laini, likinukia udongo uliopata mvua. Mvua zenyewe ziliponyesha, mchicha na sukumawiki vilistawi hata Mushagalusa akawa anatoa kiti nje akivitazama tu, na kifua kikampa nafasi ya kuimba.

Wanjala alikuja kwa ajili ya kiwanja chake. Akazunguka matuta, akachuma jani, akalitafuna bichi.

"Wale wa matofali nitawaambia watafute kwingine," alisema. "Lakini mama, nieleze. Ardhi hii ilimshinda hata baba yangu. Wewe umefanyaje?"

Hortense akatazama kucha zake zilizojaa udongo, akacheka.

"Niliinama tu, bwana Wanjala."

Hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.