Anayeaga Husindikizwa

Anayeaga husindikizwa, hazibiwi njia. Ndivyo nilivyowaambia sasa hivi, mlipomfichia shangazi yenu viatu ili asiondoke, mkaona raha kumtazama anavyohangaika uvunguni. Mmeniuliza kama ni msemo wa wahenga. Wahenga gani! Waliouzaa msemo huu walikuwa na simu mkononi kama nyinyi. Haya, kaeni, acheni kusukumana, na hizo simu zilazeni kifudifudi. Mwanzo wake ni huu.

Palikuwa na ndugu wawili mjini Morogoro, watoto wa baba mmoja na mama mmoja, Felista na Skolastika. Wazazi walipofariki, Felista alikuwa msichana anayejifunza cherehani, na mdogo wake Skola hajamaliza hata darasa la kwanza. Felista akamlea. Alikuwa fundi wa sare za shule, na sifa yake ilikuwa moja tu, nayo ilimtosha: kesho yake ilikuwa kesho kweli. Mafundi cherehani mnawajua. Njoo kesho, njoo keshokutwa, umeme ulikatika, mtoto anaumwa, hadi harusi inapita na gauni lako bado ni kitambaa. Felista hakuwa hivyo. Akikwambia Jumamosi mchana, Jumamosi mchana unaikuta sare imepigwa pasi, imekunjwa, na vifungo vyote vipo. Kwa sifa hiyo alipata wateja, na kwa wateja hao mdogo wake alisoma mpaka chuo kikuu.

Na kila Skola alipokuwa akirudi chuoni, Felista alisimamisha cherehani akamsindikiza mpaka kwenye kalavati, pale njia yao inapokutana na barabara kubwa. Hata wateja wawe wamejaa kibarazani, watangoja. "Mtu akiondoka peke yake atadhani tumemchoka," alikuwa akisema. Wakifika kalavatini walikuwa wanasimama wakipiga soga kana kwamba hawakulala nyumba moja, ndipo wanaachana.

Huko chuoni Skola alisomea sayansi ya data. Msinitolee macho. Ni kazi ya kukusanya alama ndogondogo ambazo watu huziacha nyuma wanapotumia simu na kompyuta, kisha unatafuta zinasema nini. Mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili alitakiwa kuandika tasnifu, na ili aiandike alipata nafasi ya mafunzo ya kazi katika kampuni moja ya Dar es Salaam iliyotengeneza magemu ya simu. Gemu lao lililovuma liliitwa Genge. Unapewa genge la mboga na matunda, wateja wanakuja, nawe unapanga nyanya kwa nyanya, ndizi kwa ndizi, kabla mteja hajanuna akaenda zake. Ni rahisi, na ndio ubaya wake.

Felista aliposikia mdogo wake yuko huko, aliliingiza Genge kwenye simu yake siku ileile. "Nione anachokifanya mtoto wangu," aliwaambia mafundi wenzake kibarazani. Hakuwa mtu wa michezo hata kidogo. Aliliingiza kwa mapenzi.

Msimamizi wa Skola pale kazini, kijana mpole aitwaye Evarist, alimpa swali la tasnifu: katika watu wanaotaka kuliacha gemu, ni yupi anarudishika na yupi harudishiki? Maana mtu alipotaka kujitoa, kilimtokea kisanduku kinachouliza, "Kwa nini unatuacha?" Wengine waliandika sababu, wengine walipita kimya. Maneno hayo hakuna binadamu aliyeyasoma. Ndiyo iliyokuwa desturi ya kazi ile, na Skola aliikuta: watu ni wengi mno, utasoma ya nani uache ya nani? Unaipa mashine maneno yote, mashine inayageuza kuwa tarakimu, na wewe unatazama tarakimu.

Tarakimu zikasema. Aliyetukana, akitoka hakurudi. Aliyeondoka kimya naye hakurudi. Lakini aliyeaga kwa adabu, akashukuru, akaeleza shida yake, akaomba asionekane mbaya, huyo alikuwa bado yuko mlangoni. Ukimvuta nguo kidogo tu, anarudi ndani. Skola aliruka kwenye kiti kwa furaha. Aliandika katika tasnifu kwamba adabu ya kuaga ndiyo dalili kubwa kuliko zote ya mtu anayerudishika, na Evarist akaagiza gemu lirekebishwe wiki ileile. Tangu hapo, mtu akiaga vizuri, mama mwenye genge alitokea kwenye kioo cha simu akibubujikwa na machozi, mboga zikinyauka nyuma yake na wateja wamesimama na vikapu vitupu. Kisha mtu yule anapewa kapu la zawadi abaki. Akikataa, kesho yake alfajiri simu inamwita kwa jina: fulani, genge lako linakusubiri.

Basi waliokuwa wakitoka wakawa wanarudi. Ofisini walimkatia Skola keki, wakamwambia akimaliza chuo asihangaike kutafuta kazi, kazi yake iko palepale. Alimpigia dada yake simu kumpa habari. Felista alimshangilia, lakini sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekurupushwa.

"Hongera, mdogo wangu. Hongera sana," alisema, akakata haraka. Skola alidhani amezidiwa na kazi, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa.

Aliporudi nyumbani kusalimia, Januari hiyo, alisikia kelele kabla hajafika. Akina mama walikuwa wamejaa kibarazani, na mbele yao amesimama Mama Kulwa, mteja wa Felista wa miaka yote, ameshika kitambaa cha bluu ambacho hakijaguswa na mkasi.

"Wanangu wamerudishwa getini, fundi. Pacha wote wawili. Si uliniambia Ijumaa?"

"Kesho, Mama Kulwa," alisema Felista. "Nakuapia, njoo kesho."

Kwa mafundi wengine neno hilo ni kama salamu. Kinywani mwa Felista lilikuwa aibu, na yeye mwenyewe alilisikia likitoka. Mama Kulwa hakugombana tena. Alikunja kitambaa chake taratibu, akavuka njia kwenda kwa fundi wa upande wa pili, na wenzake wakamfuata, kila mmoja na kitambaa chake kwapani.

Skola alimshika dada yake mkono, akamwingiza ndani, akamkalisha. "Dada, unaumwa?"

Felista alicheka cheko la aibu, akafungua pindo la kanga, akatoa simu. "Utanicheka bure. Ni hili gemu lenu."

"Genge?"

"Limenishinda, Skola. Kila siku najitoa. Tena nawaaga vizuri kabisa, nawaandikia: ahsanteni, gemu ni zuri, ila nina sare za watoto wa watu, msinione mbaya. Nikimaliza tu, huyu mama anaanza kulia. Ananililia mimi! Mara ya kwanza nilimwonea huruma, nikasema ngoja nimalizie hili kapu. Toka hapo kila nikiaga analia. Juzi niliwaandikia neno moja tu: naomba. Akalia. Alfajiri akaniita kwa jina langu." Aliifunika simu kwa kiganja. "Najua, ujinga ni wangu. Mtu mzima kuzuiwa na katuni! Lakini wewe uko nao huko. Kwani hao watu huwa hawasomi tunachowaandikia?"

Skola angeweza kusema hajui. Zile tarakimu zake alizozizoea, leo zilikuwa zimekaa mbele yake zimevaa kanga, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Hawasomi, dada. Inasoma mashine."

"Ikishasoma?"

"Ikiona mtu ameaga kwa adabu, inajua akivutwa atarudi. Basi inamvuta."

"Na aliyetukana?"

"Huyo inamwacha aende."

"Kwa hiyo ningewatukana, sare za watu ningekuwa nimeshazishona."

"Ndiyo, dada."

"Nani aliyeifundisha hivyo?"

"Mimi," alisema Skola, na machozi yakamtoka. "Ndiyo tasnifu yangu."

Felista hakulia wala hakufoka. Aliinuka akaenda kusimama mlangoni, akakitazama kibaraza kilichobaki kitupu.

"Nilikuwa najilaumu," alisema baadaye. "Najiita mvivu, najiita mlevi wa simu. Kumbe kulikuwa na mtu. Mimi ninaomba ruhusa nitoke, na mtu yuko upande wa pili ameshikilia komeo. Tena ananishikia kwa sababu nimeomba vizuri! Hivi mgeni akiaga, Skola, sisi humu ndani tulikuwa tunamfanyaje?"

Skola aliinamisha kichwa.

"Anayeaga husindikizwa," alisema Felista. "Hazibiwi njia."

Mafundi wenzake waliokuwa kibaraza cha jirani walisikia, na ndio waliolisambaza neno hilo mtaani, ingawa wengi hawakujua linamhusu nani.

Skola alirudi Dar es Salaam na kumwendea Evarist moja kwa moja, akamwomba lile jambo la machozi liondolewe. Evarist alimsikiliza mpaka mwisho. Alisikitika kweli, wala hakujifanya.

"Mpe pole dada," alisema. "Tutalitoa jina lake, hataitwa tena."

"Na wengine wanaoaga?"

"Wengine hatuwajui, Skola."

"Hata yeye sikumjua!"

Evarist alinyoosha mikono tu. Mashine ilikuwa mali ya kampuni, na ilikuwa inafanya kazi. Skola alifikiria kuichana ile sura ya wanaoaga katika tasnifu yake. Lakini bila sura ile hakuna tasnifu, na bila tasnifu miaka yote ya cherehani ya Felista imekwenda na maji. Alizunguka na mawazo hayo, akajiambia anafanya kwa ajili ya dada yake, akaikabidhi. Chuo kikamsifu sana. Alifaulu kuliko wenzake wote.

Alilichukua joho lake akalipeleka Morogoro. Wakati huo Felista hakuwa tena na kibaraza. Alikuwa amejishikiza kwa yule fundi wa ng'ambo ya njia, akitia viraka na kupunguza suruali. Sare hakuna aliyempa. Gemu lilikuwa limemwacha, ila kesho yake hakuna aliyeiamini tena. Alimpokea mdogo wake vizuri, akampikia, akalipapasa joho kwenye mshono. "Wamelishona harakaharaka," alisema, "lakini limekupendeza." Neno baya hakumwambia hata moja, na Skola angelipenda aambiwe.

Alasiri Skola alimfuata kwenye cherehani, begi liko begani.

"Dada, naenda."

"Haya. Safari njema."

Skola alisimama, kama alivyozoea tangu utotoni, akingoja cherehani inyamaze. Haikunyamaza. Felista alikuwa ameinamia kiraka cha suruali ya mtu, mguu unakwenda, uzi unakwenda. Skola akaishika njia peke yake mpaka kwenye kalavati. Pale akageuka, akangoja kidogo, huenda dada amechelewa tu. Njia ilikuwa tupu mpaka mwisho. Hakuna aliyemzibia.

Sasa nendeni mkamtolee shangazi yenu viatu vyake, na mtoke naye mpaka barabarani, wote, bila kununa. Anayeaga husindikizwa, hazibiwi njia.