Galaksi Katika Darubini ya Mwalimu

Ndugu zangu, nisikilizeni kidogo. Katika shule moja ya bweni huko nyanda za juu alikuwepo mwalimu wa fizikia aliyeunda darubini kwa mikono yake. Kioo chake tu alikisugua kwa miaka miwili. Alitaka kuiona galaksi moja iliyo jirani na yetu. Jirani kwa vipimo vya mbinguni, maana mwanga wake ulianza safari kabla binadamu hajakanyaga ardhi. Katikati yake kuna kiini kinachowaka kwa ukali, kinameza gesi na vumbi. Mstari wa nyota umepita hapo kama ufito, na kila ncha ya ufito imetoa mkono uliojipinda.

Jioni moja, giza lilipoingia tu, aliwaita wote wa pale shuleni. Walimu wenzake wakachungulia, wakasema wameona doa la mwanga, wakarudi kwenye chai yao. Akanyong'onyea. Mwisho akaja mpishi wa shule, mama mmoja mkimya, akainama na hakuinuka. Dakika zikapita. Kisha akaanza kueleza taratibu: kuna ufito, kuna mkono huku na mwingine kule, hafifu kama moshi.

Mwalimu akasogea karibu. "Mama, umewezaje?"

"Ukiukazia macho ule mwanga wa katikati, huoni kingine. Nimetazama pembeni kidogo, nikasubiri."

Mwalimu akamwambia kesho amlete na mumewe aone. Yule mama akaweka khanga yake vizuri begani.

"Mume wangu tulimzika mwezi wa pili, mwalimu. Ulikuwa unasugua kioo. Nilikuletea chakula hapohapo, nimevaa nguo nyeusi."

Hakusema kwa hasira.  Mwalimu akaifunika darubini, akamsindikiza hadi kwake, akaketi, akamwomba amsimulie marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Akasikiliza mpaka mama alipomaliza.

Je, mwalimu huyu alikuwa mtu mbaya? Hapana. Jicho lake lilifika mbali kuliko la yeyote humu kanisani. Lakini msiba ulisimama mbele yake na sahani mkononi, asiuone. Na sisi je? Kila Jumapili tunamwinulia Mungu macho, tunaimba mpaka sauti zinakauka. Huyo uliyekaa naye benchi moja leo, unajua ameamkaje? Usinijibu mimi. Geuka umuulize yeye. Na akikwambia "salama", usiondoke bado.