Kidole cha Tumpe

Kama una mtoto wa chekechea, soma hii mpaka mwisho kabla hujamsifia mtu shule yake.

Atupele alikuwa na binti wa miaka mitano, Tumpe, mwenye mdomo usiopumzika. Mbona mwezi unatufuata? Kuku akilala anaota nini? Bibi yake, mama mzazi wa Atupele aliyeishi nao, alicheka mpaka akashika mbavu. Atupele yeye alichoka.

Alipotafuta shule, alifanya kama wengi wetu tunavyofanya: alisimama nje ya dirisha akasikiliza. Shule ya kwanza watoto walikuwa wakibishana, wakiimba, wakifinyanga udongo. "Hili ni soko," akasema, akaondoka. Ya pili ilikuwa kimya. Watoto wamekaa, kidole mdomoni, hata kikohozi husikii.

"Hapa mtoto hafungui mdomo mpaka aruhusiwe," mwalimu mkuu alimwambia. "Ananyoosha kidole, anasubiri."

"Basi nimefika," Atupele akajibu.

Muhula haukuisha, Tumpe akanyamaza. Wageni wakamsifia adabu. Bibi peke yake hakufurahi.

"Mjukuu wangu nani kamfunga mdomo?" aliuliza.

"Mama, huyo anasoma," Atupele alimjibu, na yakaishia hapo.

Jumamosi moja Atupele alikuwa sebuleni na jirani yake, wanakunywa chai. Tumpe akaja akasimama mlangoni, kidole juu. Mama yake alimwona. Akamwonyesha kiganja asubiri, kisha akamgeukia jirani.

"Umeona? Hasemi mpaka nimruhusu. Hiyo ndiyo shule, jirani yangu."

Wakaendelea na habari za harusi ya watu. Chai ikamiminwa tena. Mkono ulipochoka, mtoto aliushusha akanyoosha wa pili. Machozi yalikuwa yakimtiririka, lakini hakutoa sauti.

"Haya, sema mama," Atupele akasema hatimaye.

"Bibi ameanguka bafuni. Alikuwa ananiita. Sasa haniiti tena."

Walimkuta sakafuni, hajitambui. Hospitali daktari alisema angewahishwa mapema kidogo, pengine angepona. Bibi hakuiona asubuhi. Naandika haya na roho inaniuma, maana mtu alikuwa akiomba msaada nyumbani kwake mwenyewe, na aliyemsikia alikuwa amefundishwa kungoja.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kutawanyika makaburini, Tumpe alikuwa amesimama kando, kidole juu. Hakuna aliyejua ameanza kungoja saa ngapi. Atupele akapiga magoti mbele yake.

"Shusha mkono, mwanangu. Sema tu. Kuanzia leo sema chochote."

Tumpe hakuushusha. Akamtazama mama yake, akauliza kwa sauti ndogo:

"Mama, siku ile nilinyoosha vibaya?"

Funzo: Usipime shule ya mtoto mdogo kwa ukimya wa darasa lake; shule nzuri ni ile inayomfundisha kwamba akisema atasikilizwa, na shule ya kwanza ya kumsikiliza ni nyumbani kwako.