Mpira wa Vimulimuli Ulale kwa Nani?

Sogeeni basi. Mwenye karanga azigawe sasa hivi, maana nikishaanza sitaki kusikia mtu anatafuna peke yake. Hadithi ya leo nimepewa bila mwisho. Alinisimulia shoga yangu Nyanzobe, huku akiifuta mikono yake kwenye khanga, anafuta tena, na wala haikuwa na kitu.

Palikuwa na timu ya mpira wa kikapu pale Tabora, ikiitwa Vimulimuli. Timu hiyo ilikuwa na watu wanne wa kutajwa leo, kila mmoja na alichojaliwa.

Kocha Kabula alijaliwa jicho. Akimwangalia kijana anavyofunga kamba za viatu tu, anakwambia huyu atatufaa, huyu atatusumbua.

Nyanzobe mwenyewe, mchuaji wa timu, alijaliwa mikono. Alikuwa akikushika bega anajua unalalia ubavu gani.

Kamugisha, mtoto wa Kihaya, mrefu hata milango yote aliiinamia, alijaliwa kuruka. Akiruka, ungedhani amesahau kushuka.

Na Msabila? Msabila hakucheza hata siku moja. Yeye alikuwa shabiki, na alijaliwa mdomo. Akipiga debe lake na kuanzisha wimbo, uwanja mzima unaitikia, hadi wauza maji.

Sasa huyu Kamugisha alikuwa ameachwa na timu yake ya zamani kwa ajili ya goti la kushoto. Lilipasuliwa, likashonwa, wakamwambia nenda nyumbani ukalime migomba. Kocha Kabula akamfuata huko huko kwao. Viongozi wakapiga kelele: "Kocha, unatuletea mgonjwa?" Kabula akasema, "Asipocheza, mimi na yeye tutaondoka pamoja." Na kwa kuwa nafasi zilikuwa zimejaa, ilibidi mmoja atoke. Akamtoa mdogo wake mwenyewe, wa tumbo moja. Mama yao hakumsemesha Kabula msimu mzima.

Nyanzobe akapewa lile goti. Kila alfajiri maji ya moto, mafuta ya nyonyo, anachua, anakunja, anakunjua, Kamugisha ameuma taulo. Kugeukia kulia kukawa rahisi. Kushoto, hapana. Msimu mzima Kamugisha alikwepa kwa ujanja; ukimsukuma kushoto anatoa pasi mapema. Wageni hawakujua. Lakini Nyanzobe hakukata tamaa na ule upande, na siku moja kabla ya fainali akamwambia, "Kamu mwanangu, goti sasa litageuka kushoto. Mara moja. Ya pili sikuahidi." Angeweza kunyamaza, aliniambia. Angenyamaza, kijana asingejua kama linaweza.

Tumrudie Msabila. Tangu siku Kamugisha aliposajiliwa, Msabila hakupata raha. "Tumenunua mlango hauna bawaba," alisema sokoni. "Tumefunga harusi, talaka mfukoni," alisema kwenye kahawa. Watu wakacheka, naye akapenda kuchekewa. Alikuwa haendi mazoezini kushangilia tena, anakwenda kuvizia lile goti. Kamugisha akifunga, Msabila anapiga debe, lakini moyoni anasema: ngoja tu.

Basi ikabaki fainali, Vimulimuli na Manyigu, timu ya upande wa stesheni. Msabila akaenda kunyoa. Kinyozi wake, Mhoja, alikuwa Manyigu hata damu yake ungeikuta ya njano kama jezi yao.

"Naona mgonjwa wenu anawabeba," Mhoja akamchokoza.

"Anatubeba wapi? Nyie ndio hamna macho."

"Hebu tupe macho basi, mtaalamu."

Msabila alikuwa na povu shingoni. Angeweza kusingizia povu asijibu. Akasema, "Kushoto yule hageuki. Akijaribu anakunja uso kama mtoto anayenyweshwa kwinini. Mzibeni kulia tu, mmemaliza kazi."

Mhoja akaacha kunyoa. "Unasema kweli?"

"Mimi nimeshawahi kusema uongo kuhusu mpira?"

Akatoka pale amenyolewa vizuri, na hakufika hata kwenye kona kabla hajageuka kuutazama mlango wa kinyozi.

Siku ya fainali, mchezo ukaenda sare kwa sare, mpaka zikabaki pumzi za mwisho na Manyigu wako mbele kwa pointi moja. Mpira ukamfikia Kamugisha. Na vijana wawili wa Manyigu, wakubwa kama makabati, wakaruka wote upande wa kulia. Wote! Kushoto wakaacha njia nyeupe, kana kwamba kuna aliyewaahidi kwamba hapiti mtu.

Msabila akaliacha debe. Aliyaona maneno yake mwenyewe yamesimama pale, yamevaa jezi ya njano.

Kamugisha akatazama benchi. Kocha Kabula angeweza kuomba muda, amtoe. Hakuinua mkono. Nyanzobe akainamisha uso. Kamugisha akageuka kushoto, akaruka, mpira ukaingia kwenye kikapu na filimbi ikalia. Yeye akashuka vibaya, akabaki chini amelishika goti.

Watu walipagawa. Walibebana, walimwagiana maji. Mtu mmoja tu hakushangilia. Msabila alikimbia hadi katikati ya uwanja, akavua shati, akalikunja, akaliweka chini ya kichwa cha Kamugisha, akakaa pale anampepea hadi walipokuja kumbeba.

Daktari alisema atatembea. Kuruka, basi.

Sasa sikilizeni, kwa sababu hapa ndipo penye kazi yenu. Vimulimuli walikuwa na desturi yao. Mpira uliochezewa fainali hupewa mtu mmoja akalale nao nyumbani kwake mwaka mzima, na watoto wa mtaa hupita kuugusa. Lakini hakuna kujitaja. Mnakutana uwanjani, waliofanya kazi wanasimama, kila mmoja anamtaja mwenzake na kusema kwa nini. Jina likishatoka mdomoni halirudishwi.

Basi Jumapili wakakutana. Mpira wakauweka kwenye kiti.

Kocha Kabula akasimama wa kwanza. "Namtaja Nyanzobe. Mimi nilileta goti bovu, yeye alilipa uhai. Na mimi nilikuwa na muda wa kumtoa kijana. Niliutaka ushindi. Msinipe."

Nyanzobe akasimama. "Namtaja Kamugisha. Goti ni lake. Mimi nilimwambia litageuka mara moja, na ile mara moja ndiyo aliyoitumia. Mikono hii haiwezi kushika mpira huo."

Kamugisha akajiinua kwa magongo yake. "Mimi namtaja Mzee Msabila. Nilijua hanipendi. Nilisikia ya mlango na bawaba." Watu wakacheka, yeye akatabasamu. "Lakini nilipoanguka, wote mlikimbilia kombe. Yeye alinikimbilia mimi."

Watu wakapiga makofi. "Msabila! Msabila!"

Msabila akasimama, na yule mwenye mdomo wa uwanja mzima akainua mikono kuwazuia.

"Acheni makofi," akasema. "Manyigu walijaa kulia kwa sababu mimi niliwaambia. Nilimwambia Mhoja kinyozi. Mimi."

Kocha Kabula akasema polepole, kama mtu anayejisemea, "Kumbe ndiyo maana kushoto palikuwa wazi."

Kijana mmoja nyuma akadakia, "Basi huyu ndiye katupatia kombe!"

"Funga bakuli lako!" Nyanzobe akamfokea. "Hilo ni kombe au ni goti la mtu?"

Kamugisha alikuwa hajamwondolea macho Msabila. "Mzee, wakati unamwambia, ulitaka nianguke?"

Msabila angeweza kukataa. Akasema, "Nilitaka ionekane nilisema kweli. Ili iwe kweli, ilibidi uanguke. Nilijua, na bado nilisema."

Kamugisha akakaa. Akalaza magongo chini, moja kando ya lingine.

"Bado hujataja jina," Kocha akamkumbusha Msabila.

"Nakutaja wewe, Kocha. Ulimwamini mtu siku ambayo mimi nilimcheka, na mdogo wako ulimtoa."

Hesabuni wenyewe: wanne, na kila mmoja ametajwa. Kabula, ambaye bila jicho lake Kamugisha angekuwa anapogoa migomba. Nyanzobe, ambaye bila mikono yake goti lisingegeuka. Kamugisha, aliyejua atakachokipoteza na akageuka. Na Msabila, ambaye bila mdomo wake njia isingekuwa wazi, na goti pengine lingekuwa zima hadi leo. Wote wameshika ushindi huo, na hakuna hata mmoja anayetaka kuushika mpira.

Nilimuuliza Nyanzobe, "Mliamuaje?" Akanyanyuka kwenda kuinjika chai.

Haya, wajukuu zangu, nanyi wakubwa mliofumba macho mkijifanya mmelala, mpira uko kwenye kiti na watu wanawasubiri nyinyi. Mtamkabidhi nani? Na mkimkabidhi Msabila, kwa kuwa Kamugisha kamtaja na jina halirudishwi, niambieni: watoto wakija kuugusa na kumuuliza mlishindaje ule mchezo, awajibu nini?