Mkono Uliokuwa Begani

Simu ziacheni mikononi leo, msizifiche chini ya vitabu vya nyimbo. Nawaona. Mama wa benchi la tatu, usishtuke, hauko peke yako. Wiki hii pekee nimetumiwa video nne za historia, zote na washarika wangu, zote na ngoma nzito na mtu anayenguruma, "Ukweli waliouficha!" Nimekasirika, na sitajifanya sijakasirika. Nisikilizeni.

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye mashine ya kusaga. Mtu makini kupita kiasi. Ukimletea mahindi, hasagi mpaka atie mkono guniani, auzamishe hadi kwenye kiwiko, apapase chini kabisa. Akigusa kokoto moja tu anakurudishia. "Nenda kapepete. Mashine yangu haili mawe." Hata mimi ningerudishwa.

Bwana huyu alikuwa na mtani wake, mzee wa ukoo wa bondeni. Mnajua utani wa koo zetu ulivyo. Mzee akija kusaga anaanza kelele tangu barabarani, "Mtumwa wangu, nisagie upesi, bwana wako ana njaa!" Naye anajibu kutoka ndani, "Ngoja zamu yako, mwizi wa kuku wewe!" Watu wanacheka, unga unatoka, kila mtu anakwenda kwake. Ndivyo baba zao walivyoishi.

Siku moja, mashine ikiwa imepumzika, mwenye mashine akafungua video. Mtangazaji, ambaye jina lake hakulitaja, anasema enzi za ukoloni kijana mmoja wa ukoo wa bondeni aliwauza watu wa ukoo wa mlimani, wakachukuliwa wasirudi tena. Ukoo wa mlimani ndio wa mwenye mashine. Picha ikatokea. Kijana amesimama wima, na begani kwake upo mkono wa mtu ambaye haonekani. "Tazameni," jamaa ananguruma, "mkono wa mkoloni ukimpongeza msaliti!"

Alijuaje? Hakusema. Alimwuliza nani? Hakusema. Picha ilipigwa wapi, na nani? Hakusema. Mwenye mashine akaitazama mara tatu, machozi yakamlenga, akaisambaza kwenye makundi yake yote, hadi kundi la kwaya.

Hebu niambieni, wapendwa, ule mkono wa kuzama guniani siku hiyo ulikuwa wapi? Mahindi ya jirani aliyakagua punje kwa punje. Habari ya damu ya babu zake akaimeza na mawe yake!

Kesho yake mzee akaja na ndoo. "Mtumwa wangu, uko wapi?" Safari hii hakujibiwa. Mwenye mashine akasema moyoni, Kumbe! Hata wenyewe wanakiri. Jamani! Utani wa miaka yote hiyo umegeuka ushahidi.

Mwezi haukuisha, mama yake mwenye mashine akafariki. Bibi yule alikuwa ameshaagiza, tena mbele ya watu, "Nikifa, mtani wangu avae khanga yangu, aige ninavyochechemea, watu wacheke. Msinizike kimya kama mgeni." Mzee wa bondeni akaja na watu wake, majembe begani, akilia kilio cha kuigiza tangu njiani. Akamkuta mfiwa amesimama mlangoni.

"Leo hakuna utani hapa. Wauza watu hawamziki mama yangu."

Mzee akacheka! Alidhani anataniwa. "Mtumwa, sogea," akasema, "nimekuja kumzika mke wangu." Ndipo akamtazama machoni. Akavua kofia, akageuka, na watu wake wakamfuata na majembe yao. Mama akazikwa kimya, kama mgeni.

Siku ya kuanua tanga ndugu wakamweka mwenye mashine kati, "Umefanya nini?" Akatoa simu. "Tazameni wenyewe!" Shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, akaomba miwani.

"Simamisha hapo," akasema. "Huyo unamwita nani?"

"Msaliti, shangazi. Ndiye aliyetuuza."

"Huyo ni baba yangu mzazi! Ni babu yako, mjinga wewe!"

Akaingia chumbani, akafungua sanduku la marehemu bibi, akatoa picha iliyokunjwa ndani ya khanga. Ni ileile, ila hii ilikuwa nzima. Vijana wawili wamejaa udongo, siku walipomaliza kujenga shule. Mmoja ni babu yake. Wa pili, mwenye ule mkono begani, ni baba yake mzee wa bondeni. Aliyetengeneza video alimkata. Picha aliitoa wapi? Mjukuu wa bibi, mtoto wa mwenye mashine, aliwahi kuipiga kwa simu akaiweka mtandaoni, siku bibi alipotimiza miaka themanini. Na baba mtu akaibandikia kidole gumba bila kuitazama!

Mwenye mashine akakimbia hadi bondeni, picha mkononi. Akamkuta mzee anapalilia. "Mtani wangu, nisamehe. Nitukane. Niite mtumwa, niite utakavyo."

Mzee akaiangalia picha, akamrudishia. "Nimekusamehe, bwana. Karibu uketi."

Bwana, si mtumwa tena! Tangu siku hiyo mzee akija kusaga anasimama kwenye foleni kama watu wengine, anasalimia kwa adabu, anachukua unga wake, anashukuru. Hatanii tena.

Sasa tusimcheke mtu yule. Sisi je? Sisemi video zote ni uongo. Wapo watu waungwana wanaosema, "Hili nimeambiwa na fulani, hili nimeliona kwenye kumbukumbu, na hili silijui." Lakini hao hawapigi ngoma, kwa hiyo tunawapita! Tunamtaka anayenguruma. Tunamtaka atuambie kwamba jirani ndiye mbaya, kwa sababu ndani yetu tulikuwa tunasubiri kuambiwa hivyo. Mnaijua amri ya kutomshuhudia jirani uongo, mnaisema bila kukwama tangu kipaimara. Je, mnadhani kidole hakishuhudii?

Aliyetengeneza ile video ni mwovu, na atajibu mbele za Mungu. Ila hakuwepo mlangoni siku ya mazishi. Mlangoni tulisimama sisi. Na shangazi alikuwepo siku zote, nyumba ya pili tu, ana akili zake timamu, na hakuna aliyemwuliza!

Kwa hiyo kabla hujaituma, tia mkono guniani. Nani anasema? Kajuaje? Picha imekatwa wapi? Uzamishe hadi kwenye kiwiko, kisha nenda kamwulize shangazi. Video utaifuta mara moja. Mama yule hatafufuliwa ili azikwe upya, na juzi, mzee wa bondeni alipopokea unga wake, alisema, "Asante sana, bwana."